Nitakimbia, Correré: Njeo ya Wakati Ujao ya Kihispania kwa Jicho la Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Imekuwa desturi katika shule na vyuo vyetu kwamba mwanafunzi anayetaka kujifunza lugha nyingine ya Ulaya sharti apitie Kiingereza kwanza. Vitabu vya sarufi anavyopewa vimeandikwa kwa Kiingereza, mifano hufasiriwa kwa Kiingereza, na mwalimu naye huona ni jambo la kawaida kueleza kiambishi cha lugha moja kwa kutumia neno la lugha ambayo kwa kiasi kikubwa haina kiambishi hicho. Kiswahili huachwa mlangoni, kana kwamba hakina la kuchangia. Makala haya yanaipinga desturi hiyo kwa mfano mmoja mdogo ulio wazi: jinsi kitenzi cha kawaida cha Kihispania kinavyonyambuliwa katika wakati ujao. Tunakusudia kuonyesha kwamba mwanafunzi anayeijua vyema sarufi ya Kiswahili tayari anayo zaidi ya nusu ya maarifa anayoyahitaji, na kwamba palipo na ugumu, ugumu wenyewe huelezeka vizuri zaidi kwa istilahi zetu kuliko kwa njia ndefu ya kupitia lugha ya tatu.

Huenda msomaji akauliza, Kihispania kina nini na sisi? Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, ni kitovu cha wanariadha, na barabara za Valencia nchini Uhispania zimekuwa kama uwanja wao wa nyumbani. Tarehe 6 Desemba 2020 Kibiwott Kandie alikimbia nusu marathoni mjini humo kwa dakika 57 na sekunde 32, rekodi ya dunia wakati huo. Siku hiyohiyo Peres Jepchirchir akashinda marathoni kamili ya wanawake. Tarehe 4 Desemba 2022 marehemu Kelvin Kiptum aliingia katika marathoni kwa mara yake ya kwanza, papo hapo Valencia, akashinda kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 53. Nyuma ya majina haya makubwa wapo vijana wengi wasiojulikana wanaofanya mazoezi alfajiri kandokando ya Eldoret, Yamumbi ikiwemo, wakitarajia kualikwa katika mbio za mji wowote wa Uhispania au wa Amerika ya Kusini. Kijana wa namna hiyo atawekewa mbele yake karatasi ya Kihispania, na katika karatasi hiyo vitenzi vingi vitakuwa katika wakati ujao. Tutaona baadaye kwa nini hilo si jambo dogo.

Ipo sababu nyingine inayotuhusu sisi wenye taaluma ya lugha. Itifaki ya mwaka 2003 ya kurekebisha Sheria ya Kuundwa kwa Umoja wa Afrika, katika marekebisho yake ya kifungu cha 25 cha Sheria hiyo, iliziorodhesha Kihispania na Kiswahili bega kwa bega miongoni mwa lugha rasmi za Umoja huo. Kihispania kimo humo kwa sababu ya Guinea ya Ikweta, nchi iliyopata uhuru mwaka 1968, ambayo wananchi wake wengi huzungumza lugha za Kibantu kama Kifang na Kibubi. Mfasiri wa moja kwa moja kati ya lugha hizi mbili, asiyepitia Kiingereza wala Kifaransa, ni mtu anayehitajika. Hatapatikana ikiwa hatuanzi kumfundisha kwa lugha yetu.

Umbo lenyewe

Kihispania kina makundi matatu ya vitenzi, yanayotambuliwa kwa mwisho wa kitenzijina: vinavyoishia kwa -ar, kama ganar (kushinda), vinavyoishia kwa -er, kama correr (kukimbia), na vinavyoishia kwa -ir, kama subir (kupanda). Katika njeo nyingine makundi haya huachana na kila moja kushika njia yake, jambo linalomchosha mwanafunzi. Katika wakati ujao yote matatu hukutana. Mwanafunzi hachopoi chochote kutoka katika kitenzijina; hukichukua kizima kilivyo katika kamusi, kisha huongeza kiishio kimoja kati ya sita. Hivi ndivyo correr inavyojitokeza:

yo correré – (mimi) nitakimbia
tú correrás – (wewe) utakimbia
él, ella correrá – (yeye) atakimbia
nosotros correremos – (sisi) tutakimbia
vosotros correréis – (ninyi) mtakimbia
ellos, ellas correrán – (wao) watakimbia

Ukiweka ganar mahali pa correr utapata ganaré, ganarás, ganará, ganaremos, ganaréis, ganarán. Ukiweka subir utapata subiré, subirás na kadhalika. Viishio havibadiliki hata kidogo. Hata vile vitenzi kama kumi na viwili vinavyoitwa visivyo vya kawaida katika njeo hii, mathalani tener (kuwa na) kinachotoa tendré, au hacer (kufanya) kinachotoa haré, huvunja shina tu. Viishio vyao ni vilevile. Hakuna kitenzi chochote cha Kihispania kinachoasi katika viishio vya wakati ujao.

Msomaji wa Kiswahili atayatambua mambo mawili mara moja. La kwanza ni kwamba viwakilishi yo, tú na vinginevyo si vya lazima. Mhispania husema correré peke yake, sawasawa na sisi tunavyosema nitakimbia bila ya kutanguliza mimi, na akiongeza yo huwa anatia mkazo: mimi nitakimbia, si mwingine. Anayejifunza kupitia Kiingereza hulazimika kufundishwa jambo hili na kulikumbuka, kwani katika Kiingereza kiwakilishi hakiachwi. Kwetu ni jambo la kuzaliwa nalo.

La pili ni kwamba njeo na nafsi zote zimo ndani ya kitenzi. Kiingereza kina neno huru will, na mwanafunzi aliyezoea njia hiyo hulitafuta neno kama hilo katika sentensi ya Kihispania asilione, akadhani limedondoshwa. Mswahili hatafuti neno. Anajua kwamba katika ni-ta-kimbia mofimu tatu zimeshikana na kufanya neno moja lenye sentensi nzima. Tofauti iliyopo ni ya mpangilio. Kiswahili hutanguliza nafsi, kikafuatisha njeo, kikamalizia na shina la kitenzi. Kihispania hutanguliza kitenzi, kisha huleta njeo na nafsi zikiwa zimeyeyushwa pamoja katika kiishio kimoja. Katika -é haiwezekani kukata mahali ukasema hapa ni wakati ujao na hapa ni mimi. Katika ni-ta- inawezekana, na kwa hiyo Kiswahili ni kioo kizuri cha kumwonyesha mwanafunzi kile ambacho Kihispania kimekificha.

Tuongeze hapa usted, kiwakilishi cha heshima cha nafsi ya pili ambacho huwasumbua wengi. Mhispania akimwambia mkubwa wake husema usted correrá, akitumia kiishio cha nafsi ya tatu. Kwa nini amwambie mtu aliye mbele yake kana kwamba anamsema mtu aliye mbali? Ni kwa sababu usted ni mabaki ya vuestra merced, maana yake “fadhila yako”, jina la heshima. Nasi katika mikutano yetu tunasema “Mheshimiwa atatueleza” ilhali Mheshimiwa ameketi papo hapo akitusikiliza. Mantiki ni ileile. Katika nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati, ustedes na kiishio chake -án vimechukua nafasi ya vosotros kabisa, hivyo mwanafunzi anayekwenda huko anaweza kuishi bila ya -éis.

Mtego wa shadda

Hapa ndipo Mswahili anapojikwaa, na tungependa walimu watupe macho zaidi mahali hapa kuliko katika orodha za viishio.

Shadda ya Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni hii ina nguvu kiasi kwamba jozi ya maneno yanayotofautiana kwa shadda tu ni nadra, ndiyo maana kila kitabu cha fonolojia hurudia mfano uleule wa barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa. Kihispania nacho, kwa maneno yanayoishia kwa irabu, au kwa n au s, huwa na shadda hapohapo katika silabi ya pili kutoka mwisho: mesa, hablan, corremos. Panapokuwa na ukiukaji, alama huandikwa juu ya irabu. Tazama basi viishio vya wakati ujao: é, ás, á, éis, án vyote vina alama. Ni -emos pekee isiyo nayo, kwa kuwa shadda yake inaangukia mahali palipozoeleka. Kwa maneno mengine, ulimi wa Mswahili uko nyumbani katika correremos, na uko ugenini katika nafsi tano zilizosalia.

Anayedhani kwamba hili ni suala la lafudhi tu azingatie mfano huu. Ganará, shadda ikiwa mwisho, ni “atashinda”. Neno hilohilo likitamkwa kwa shadda ya Kiswahili huwa ganara, ambalo ni umbo la hali tegemezi ya wakati uliopita, lenye kuingia katika sentensi za aina ya “kama angeshinda”. Kocha aliyekusudia kumhakikishia mwenyeji kwamba kijana wake atashinda atakuwa ametamka neno la masharti na mashaka. Vivyo hivyo ganaré ikipoteza shadda yake huwa ganare, umbo la kale ambalo siku hizi halionekani ila katika maandishi ya sheria na methali chache. Alama ile ndogo juu ya herufi si pambo. Mwanafunzi anayeiacha katika mtihani hajakosea tahajia tu, ameandika kitenzi kingine.

Asili ya njeo: kutaka na kuwa na

Tumefika kwenye sehemu ambayo kwa maoni yetu ina utamu mwingi kuliko zote.

Kwa nini shadda imekaa mwishoni? Kwa sababu viishio hivi zamani vilikuwa neno linalojitegemea. Kilatini cha kale kilikuwa na wakati ujao wake, amabo (nitapenda), lakini umbo hilo lilikufa bila ya kurithiwa. Mahali pake wasemaji wa kawaida walishika mazoea ya kusema amare habeo, yaani “nina kupenda”, kwa maana ya “nina jambo la kupenda, sina budi kupenda”. Kitenzi habeo kilizidi kupunguka hadi kikawa he katika Kihispania. Ukiviweka vitenzi-saidizi vya Kihispania cha leo kwa safu, he, has, ha, hemos, habéis, han, kisha ukaviweka viishio vya wakati ujao pembeni, é, ás, á, emos, éis, án, utaona kwamba ni vitu vilevile, isipokuwa h isiyotamkwa imeondoka na hab- ya nafsi ya pili wingi imeanguka. Correré ni correr he. Antonio de Nebrija, aliyechapisha sarufi ya kwanza ya Kihispania mwaka 1492, alikwisha kuliona jambo hili na kulieleza.

Sasa tukitazame Kiswahili. Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba kiambishi -ta- kimetokana na kitenzi -taka. Nitakimbia ilianza kama kauli ya kutaka kukimbia. Ushahidi wenye uzito hatuupati katika maumbo sahili bali katika urejeshi: hatusemi *atayekimbia, tunasema atakayekimbia, hatusemi *watao­shinda, tunasema watakaoshinda, hatusemi *nitapofika, tunasema nitakapofika. Pale kiambishi rejeshi kinapohitaji mahali pa kushikia, kitenzi cha kale hujitokeza na mwili wake mzima. Ni kama mzee aliyekaa chumba cha ndani, asiyeonekana ila mgeni maalumu anapobisha.

Wapo wanaotoa nitakula na nitakuja kuwa ushahidi wa pili, wakisema kwamba ku- iliyobaki ndiyo ku- ya kutaka kula. Hoja hii ipokelewe kwa tahadhari. Ku- hiyohiyo imo katika alikula, anakula na amekula, ambako hakuna kutaka. Zaidi ya hayo, kitenzi kikipata kiambishi cha yambwa ku- hutoweka: nitakila chakula hiki. Maelezo yanayotosheleza ni ya kishadda. Kiambishi -ta- hakikubali kubeba shadda, na kama tungesema *nitala shadda ingekiangukia. Ku- huletwa, au tuseme hubakizwa, ili kuibeba. Na hapa pana tofauti ya kupendeza: njeo ya Kihispania hudai shadda kwa nguvu, njeo ya Kiswahili huikimbia. Pamoja na hayo, ukweli unabaki kwamba katika nitakula, kama katika comeré (nitakula), kitenzijina kizima kimehifadhiwa ndani ya njeo.

Mchakato huu, ambapo neno kamili hupoteza maana yake taratibu na kugeuka kiambishi, huitwa usarufishaji. Dalili kwamba umekamilika ni kuwa kiambishi kinaweza kukaa na kitenzi kilichokizaa bila ya kugongana. Tunasema atataka, na hakuna anayesikia kutaka mara mbili. Mhispania husema habré, ambayo ni haber iliyoungwa na he, yaani kitenzi kimoja kilichopandikizwa juu ya nafsi yake, na hakuna anayeshtuka.

Mchakato haukomi. Katika vinywa vya vijana wa Eldoret nitakuja imekuwa ntakuja, na kabla ya kuwalaumu tukumbuke kwamba washairi wa kale na wasemaji wa lahaja za kaskazini mwa pwani walikwenda mbele zaidi, wakaiacha nafsi ya kwanza umoja ikiwakilishwa na ta- peke yake: taimba, tasema. Kihispania nacho kinajenga wakati ujao mpya sambamba na ule wa zamani, kwa kitenzi cha kwenda: voy a correr, “naenda kukimbia”. Katika mazungumzo, hasa Amerika ya Kusini na ya Kati, umbo hili limeipiku correré, ambayo inazidi kuwa ya maandishi na ya kauli nzito.

Lugha hazina njia nyingi za kuupata wakati ujao. Baadhi hutumia kutaka: Kiswahili, Kiingereza ambacho will yake ilimaanisha kutaka, na Kigiriki cha leo chenye kijineno tha kilichotokana na kitenzi cha maana hiyohiyo. Nyingine hutumia wajibu, yaani kuwa na jambo la kutenda: Kihispania, Kireno, Kifaransa na Kiitaliano. Nyingine hutumia kwenda. Kijana wa Yamumbi amezungukwa na njia zaidi. Jirani yake msemaji wa Kigikuyu hutofautisha nĩngũthiĩ, nitakwenda leo au karibuni, na nĩngathiĩ, nitakwenda kesho au baadaye, tofauti ambayo si Kiswahili wala Kihispania kinachoiweka katika kitenzi. Jirani mwingine, msemaji wa Kinandi, ameuelekeza utajiri wa njeo nyuma: ana viambishi vitatu vya wakati uliopita, ka- kwa leo, ko- kwa jana, ki- kwa zamani. Mtoto anayekua akisikia mifumo hii mitatu pamoja na Kiswahili anaambiwa shuleni kwamba hana kipawa cha lugha kwa kuwa alishindwa kukariri jedwali. Tatizo ni jedwali.

Kiambishi cha yambwa

Tusitumie muda mrefu hapa, ila jambo moja linastahili kutajwa. Kihispania cha leo husema lo veré, “nitamwona”, kiwakilishi cha yambwa kikiwa neno la pekee mbele ya kitenzi. Lakini katika maandishi ya Zama za Kati, sehemu mbili za njeo zilikuwa bado hazijagandana, na kiwakilishi kiliweza kuingia katikati yake: verlo he. Kireno cha kuandika kimehifadhi desturi hiyo hadi sasa katika maumbo kama dar-te-ei, “nitakupa”. Yambwa iliyokaa kati ya njeo na kitenzi! Mswahili anayesema ni-ta-mw-ona hawezi kuushangaa mpangilio huo, ijapokuwa umegeuzwa nyuma mbele.

Ukanushi nao hauna taabu. Kihispania huweka no mbele na kukiacha kitenzi kilivyo: no correré. Kiswahili, ambacho katika wakati uliopita hubadilisha kiambishi cha njeo kikatoa nilikimbia na sikukimbia, katika wakati ujao hukiacha -ta- salama: sitakimbia, hatutakimbia. Katika lugha zote mbili hii ndiyo njeo isiyotikiswa na kukanusha.

Matumizi, na karatasi ya mkataba

Umbo likishaeleweka, swali linabaki la maana. Wakati ujao hausemi yajayo tu.

Mhispania akisikia kengele kwa mbali akasema serán las tres, hatabiri chochote. Anakisia kuhusu wakati uliopo: itakuwa ni saa tisa. Akiulizwa aliko mwanariadha fulani akajibu estará corriendo, maana yake ni “atakuwa anakimbia”, yaani nadhani sasa hivi anakimbia. Tafsiri za Kiswahili zimekuja zenyewe, kwa njeo ileile, bila ya kuongeza “labda” wala “huenda”. Kufanana huku ni kukubwa kiasi kwamba mwalimu anaweza kumaliza somo kwa sentensi mbili, ilhali vitabu vingi hulitengea sura nzima.

Uzito uko kwenye matumizi ya kisheria. Katika mikataba na kanuni za Kihispania, wakati ujao hueleza wajibu. El atleta correrá si utabiri kwamba mwanariadha atakimbia, wala si ahadi ya hisani. Ni sharti: mwanariadha anawajibika kukimbia. Ile maana ya kale ya habeo, “sina budi”, ambayo katika mazungumzo imefifia, katika karatasi ya sheria ingali hai. Vivyo hivyo el organizador pagará humfunga mwandalizi kulipa, na no participará humkataza mhusika kushiriki mahali pengine. Kijana aliyefundishwa kwamba correrá ni habari tu ya mambo yajayo anaweza kuitia sahihi karatasi akidhani inaeleza mpango, kumbe imemfunga.

Mfasiri afanyeje? Wapo watakaoandika “mwanariadha atakimbia”, na kwa kuwa mikataba ya Kiswahili nayo hutumia -ta- kwa maana ya wajibu, mwanasheria hatapotoka. Lakini msomaji asiye mwanasheria husikia katika -ta- mwangwi wa hiari na matarajio. Kwa maoni yetu, katika karatasi inayosomwa na mwanariadha mwenyewe ni salama zaidi kuandika “mwanariadha atawajibika kukimbia” au “sharti akimbie”, hata kama sentensi itarefuka. Ufupi wa mfasiri usigharimiwe na asiyejua lugha.

Pale njeo hii inapokatazwa

Limebaki kosa linalofanywa hata na waliobobea, na chanzo chake ni Kiswahili chenyewe. Baada ya si, “kama” au “ikiwa”, Kihispania hakikubali wakati ujao. Husemwa si corre, ganará. Hapa Kiswahili kinasaidia, kwa kuwa nacho hutumia -ki- isiyo na wakati ujao ndani yake: akikimbia, atashinda. Ni kwa nadra mwanafunzi wetu kukosea.

Baada ya cuando, “wakati ambapo”, mambo ni mengine. Kihispania hudai hali tegemezi, ile inayolingana kwa kiasi fulani na kiishio -e cha Kiswahili katika aende, akimbie. Mwanariadha aliye Valencia akimwandikia rafiki yake anayejua Kihispania hataandika *cuando llegaré a Yamumbi. Ataandika cuando llegue a Yamumbi. Kosa linatokana na kufasiri “nitakapofika Yamumbi” mofimu kwa mofimu: -taka- ni wakati ujao, basi kitenzi cha Kihispania kiwe katika wakati ujao. Mwalimu amshauri mwanafunzi aipitishe sentensi yake kwanza katika -ki-: nikifika Yamumbi, nitakupigia simu. Kishazi chenye -ki-, kiwe cha sharti au cha wakati, hakipewi njeo ya ujao katika Kihispania. Kikianza na si kitapata wakati uliopo, kikianza na cuando kitapata hali tegemezi. Kitenzi chenye -ta- kilichobaki katika kishazi kikuu ndicho kitakachopata kiishio chenye alama: cuando llegue a Yamumbi, te llamaré.